Jenereta Iliyopimwa kwa Mgongo

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu, muuza barafu za juisi, jana asubuhi aliponiletea dawa ya miguu. Yeye hakuhitaji kusimuliwa na mtu. Dirisha lake la ghorofa ya tatu liko juu ya benchi la kijiweni, na wale wanaume hata wakinong'ona utadhani wanagombana.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba umeme utakatwa kwa zamu. Benchi zima likamgeukia mume wa mjukuu wangu, kinyozi, wanayemwita Wembe. Walijua habari zake. Umeme ulipokatika mara ya mwisho, barafu za mkewe ziliyeyuka, juisi ikateremka ngazi mpaka kwenye viatu vya jirani. Mjukuu wangu hakupiga kelele, si tabia yake. Alimwambia tu, "Zikiyeyuka tena, mume wangu, utalala na hiyo friza."

Basi ikawa lazima jenereta inunuliwe, na benchi likajipa kazi ya kuichagua. Injinia, ambaye anauza miavuli na hajawahi kutengeneza hata mmoja, alitaka yenye mlio. Alisema kununua jenereta isiyosikika mtaa wa pili ni sawa na kuoa kimyakimya. Tani, mchukuzi wa sokoni, akasema mlio ni upepo mtupu, kitu hupimwa kwa mgongo.

"Gunia la mchele na gunia la pamba," akamuuliza Wembe, "lipi linashibisha?"

"La mchele, kaka, lakini..."

"Basi na umeme una uzito wake. Jenereta nyepesi, ndani hamna kitu."

Dukani muuzaji aliwaonyesha moja ndogo yenye mpini. Akasema hiyo inatosha friza na taa za nyumba nzima, na mtu anaibeba kama kapu. Tani akainyanyua kwa vidole viwili, akairudisha chini, akamtazama muuzaji kwa huruma. Wakapita wakizinyanyua zote kama wanaopima watoto kliniki, mpaka wakaikuta iliyokataa kunyanyuka. Wakapeana mikono. Wembe aliuliza habari ya ngazi. Injinia akamjibu kwamba hilo ni jambo dogo, litajadiliwa nyumbani.

Halikujadiliwa. Jenereta ilifika mbele ya benchi, ikamkanyaga Tani mguu, ikagoma kupanda ngazi. Mchana huo umeme ukakatika, na waya haukufika ghorofa ya tatu. Mjukuu wangu akachungulia dirishani, akasema kwa upole, "Shemeji zangu, kama jenereta haipandi, friza itashuka."

Ikashuka, na barafu zake ndani. Wembe alishika juu, Tani chini, Injinia akashika kazi ya kuelekeza. Jenereta ikawashwa. Mlio aliouomba Injinia ulikuwapo, na mwingine wa akiba. Kijiwe kikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigiliwe misumari. Injinia akaeleza jambo refu kwa mikono, Tani akamjibu kwa nyusi. Hakuna aliyemwelewa mwenzake, na mjukuu wangu anasema hawajawahi kupatana vizuri namna ile. Yeye alishuka, akakaa katikati ya benchi lao. Watu walikuja kuuliza kelele ni ya nini, wakaondoka na barafu mkononi, mpaka friza ikabaki tupu.

Jioni umeme ukarudi. Wembe akazima jenereta, akageuka kuwaita wenzake waipandishe friza. Hapakuwa na mtu. Injinia alikuwa amekumbuka mwavuli wa mteja, na Tani amekumbuka mgongo.

Wembe akainua macho dirishani, mkewe alikokuwa amesharudi. "Lakini hazikuyeyuka," akamwambia mkewe.

"Hazikuyeyuka hata kidogo, mume wangu," akakubali, akimdondoshea shuka. "Ila friza yangu haiwezi kulala nje peke yake."

Akafunga dirisha, akalala. Wembe akajinyoosha benchini, mguu mmoja juu ya friza, mwingine juu ya jenereta, asije mwizi mwenye mgongo imara kuliko wa Tani. Akawaza ile ndogo yenye mpini, akawaza tena, usingizi ukamchukua.