Mapipa Yote ni Sabuni

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vibaya. Bosi alituita wote mbele ya mashine za kufulia akasema Ijumaa anakuja mkaguzi. Tangu siku hiyo hakuna atakayeshika ufunguo wa stoo ya dawa bila cheti cha kuhifadhi na kushughulikia kemikali za hatari. Alikuwa ananitazama mimi. Ufunguo huo uko shingoni mwangu tangu kiwanda hiki kilipokuwa chumba kimoja na mabeseni mawili.

Kibaya zaidi, shemeji anacho cheti. Mdogo wake mke wangu, dereva wa gari la nguo, mtu niliyemtafutia kazi mwenyewe. Amekitia fremu! Nisipopata changu, ufunguo unahamia kwake, nami nitabisha hodi kuomba sabuni kwa kijana niliyemfundisha kufunga tai.

Nimezunguka sebule jioni nzima. Mke wangu ameniomba nikae, anasema anachoka kunitazama.

Jumanne, 5 Machi

Mafunzo. Viti vigumu. Mkufunzi alionyesha picha za kubandikwa kwenye vyombo: moto, fuvu, mkono unaoliwa na dawa. Akaniuliza maana ya mti mkavu na samaki aliyekufa. Nikajibu ni marufuku kula samaki chini ya mti. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Akaeleza, kwa upole ulioniudhi, kwamba dawa hiyo ikimwagwa mtaroni inaua viumbe.

Kisha akasema kati ya makosa mabaya kabisa ni kuweka chakula stoo. Hapo nikajua nimechongewa. Chakula changu cha mchana hukaa juu ya pipa la asidi ya kutolea kutu, maana ndilo lenye ubaridi. Nani analijua hilo kama si shemeji? Niliondoka kabla ya mtihani.

Njiani nilipata wazo. Mkaguzi naye ni binadamu. Akikuta stoo inang'aa, cheti ataniandikia pale pale. Penye nia pana njia.

Jumatano, 6 Machi

Kazi kubwa leo. Mapipa yetu yalikuwa aibu tupu: moja jeupe, moja la kijani, mengine yamejaa lebo zilizochanika. Nimeyatoa nje na kuyapaka yote rangi ya bluu, juu mpaka chini. Yalipokauka nikayarudisha kwa kimo, marefu nyuma, mafupi mbele, kama picha ya shule. Bosi alichungulia, akasema hajawahi kuiona stoo imependeza hivi. Shemeji alikuwa karibu, akasikia. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 7 Machi

Msichana wa kupiga pasi alikuja kuomba dawa ya kung'arisha mashuka. Nikasimama mbele ya mapipa. Nikaendelea kusimama. Mwisho nikamwambia imekwisha.

Lebo zote ziko chini ya rangi. Nilijaribu kunusa, nikanusa rangi tu. Nikachukua kijiti, nikadondosha tone la kila pipa kwenye mguu wa suruali yangu, nikasubiri. Hakuna tundu, hakuna moshi. Nikahitimisha kisayansi kwamba asidi na dawa ya kung'arisha zilishakwisha bila mimi kujua. Nikaandika lebo mpya kwa herufi kubwa: SABUNI. Mapipa yote.

Jioni mke wangu aliniuliza suruali imeliwa na panya gani. Matundu makubwa, na madoa meupe pembeni. Nilikaa kitandani, roho juu juu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia ni mtindo mpya.

Ijumaa, 8 Machi

Mwandiko mbaya leo, mnisamehe.

Mkaguzi alifika asubuhi, mwanamke mfupi mwenye buti nzito. Akauliza asidi inahifadhiwa wapi. Nikasema tumeacha kuitumia, siku hizi ni sabuni tu. Bosi alishangaa, kisha akafurahi. Akamwambia shemeji kwamba kama yote ni sabuni, basi yale mapipa mawili yaliyofika nusu ayamimine pamoja, tupate nafasi. Shemeji alivaa glavu, akasoma lebo zangu, akafungua vifuniko. Alifundishwa kuamini lebo.

Akaliinamisha pipa. Nilimwona yule kijana wa tai, uso wake juu kabisa ya mdomo wa pipa la pili. Mkufunzi alisema asidi na dawa ya kung'arisha zikikutana hutoa hewa inayoua. Hilo nililisikia kabla sijaondoka.

Nikapiga ukelele asimimine, kwamba sijui kuna nini mle, kwamba hakuna ninachokijua humo ndani!

Shemeji aliganda. Mkaguzi akatutoa wote nje, akaifunga stoo. Bosi akanyoosha mkono. Nikauvua ufunguo shingoni, akampa shemeji. Shemeji hata hakutabasamu.

Mke wangu amesikia. Alilia, akasema angemzika mdogo wake kwa sababu ya rangi ya bluu. Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Jumamosi, 9 Machi

Mapipa yamepelekwa nyuma ya kiwanda, yanasubiri wataalamu wa kupima. Kazi yangu ni kukaa mbali nayo na kuzuia watu wasiyasogelee. Jumatatu narudi mafunzoni.

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa rangi moja. Ningetumia rangi mbalimbali, pengine leo mkaguzi angekuwa ananipigia makofi. Na ukelele ule haukuwa bure: mwenye cheti alikuwa anamimina, asiye na cheti ndiye aliyemzuia. Nitamkumbusha Bosi hasira zikipoa.

Jua ni kali. Mpaka mchana chakula kingechacha. Nimekiweka juu ya pipa la pembeni, lenye ubaridi kuliko yote. Nina hakika hilo ni sabuni.