Turbo ya Mama Miche

Masikio alilisikia lile gari kabla hajaliona. Alikuwa amekalia tairi bovu mlangoni pa gereji yake, kikombe cha chai mkononi, mara akasikia injini ikipanda kilima kwa kukoroma, na ndani ya mkoromo ule mkawa na mluzi mwembamba, ssss, kama mtu anayenyonya hewa kwenye jino bovu. Akatabasamu peke yake. Jina la Masikio hakulipata bure, maana mtaa mzima uliamini kwamba akiitegea injini sikio anajua inaumwa nini. Na kweli alikuwa anajua. Shida ni kwamba alichokijua na alichomwambia mteja havikuwahi kukutana hata siku moja.

Gari likaingia, refu, jeusi, linang'aa, gari la mtu wa kufunguliwa mlango. Akashuka mama wa makamo mwenye udongo kwenye kucha. Viti vya nyuma, vya ngozi tupu, vilikuwa vimejaa miche ya michungwa na mipapai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Masikio? Mimi naitwa Mama Miche, nauza miche kule bondeni. Gari limeishiwa nguvu. Kilima kidogo tu napitwa na baiskeli, tena ya mzigo."

"Pole sana. Ngoja tumsikilize mgonjwa."

Akafunua boneti, akachukua kipande cha bomba la mpira, ncha moja sikioni, nyingine akaitembeza juu ya injini huku amefumba macho. Hakuhitaji kufumba, ila wateja hupenda. Alipofumbua, akakaona: kampira kembamba keusi, unene wa penseli, kamechomoka kwenye shina lake kananing'inia. Hako ndiko kanakopitisha upepo wa kuiamsha turbo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Kakichomoka, turbo inalala, na gari la wakubwa linakwenda kama mkokoteni. Kukarudisha ni kazi ya vidole viwili.

Hapa, ndugu zangu, tusimame kidogo kwa heshima. Fundi mwaminifu angekachomeka, angepewa asante na soda baridi, na mimi nisingekuwa na la kuwasimulia. Masikio alikasukuma kampira kale nyuma ya betri, kasionekane, akashusha pumzi ndefu ya msibani.

"Kipara!" akaita. "Hebu njoo uone."

Kipara alikuwa fundi pancha wa jirani. Kuhusu turbo hakujua lolote, lakini Mungu alimjalia uso wa mtu aliyetoka kuzika. Akainama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mama," akasema, "ulikuwa unalipenda hili gari?"

"Nini tena jamani?"

"Turbo imekufa," Masikio akadakia. "Imekufa kabisa. Na ikifa inaivuta injini nayo kaburini. Kuileta mpya, mama yangu, uza shamba."

Mama Miche akaketi juu ya tairi, akajishika kichwa. "Mkwe wangu ndiye aliyeniletea, akasema mama sasa utatembea kifalme. Sasa miche yangu nitaibebea nini? Kichwani?"

Macho yake yakazunguka uani, yakatua kwenye pikapu ya bluu. Ilikuwa ndogo, imechubuka ubavuni, lakini asubuhi ikipigwa ufunguo mmoja tu inaitika. Masikio alipoyaona macho yale yametua pale, moyo ukamlipuka kwa furaha na kwa hofu kwa pamoja.

Hofu ilikuwa na sababu. Ile pikapu haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, aliyeinunua kwa mayai, trei baada ya trei, na kila alfajiri ndiyo iliyopeleka mayai kwenye mikahawa. Mikahawa ile ilikuwa imeshamwambia wazi kwamba akichelewa hata siku moja, kuna mwuzaji mwingine amekaa mkao wa kula. Chakula cha nyumba ile kilipanda pikapu, hakikupanda masikio ya mtu.

Lakini mtu akishalitamani gari jeusi lenye viti vya ngozi, unamwambia nini? Akilini mwake alikwisha kumwona mkewe amekaa mbele, kioo kimeshushwa, anapungia majirani. Kisha gari lenyewe angeliuza wiki hiyohiyo na kumnunulia pikapu mbili. Mke angekasirika asubuhi, jioni angemwita mume wangu.

"Hiyo ya mke wangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba abishiwe.

"Basi mwanangu, yaishe. Nitalikokota hivyohivyo hadi kwa fundi wa barabara ya juu. Nasikia naye ni mzuri."

"Mama, mama, haraka ya nini? Huruma itaniua mimi. Chukua pikapu, uniachie hili jeneza. Nitaling'oa vipuri, ya Mungu mengi."

"Na tairi la akiba?"

"Chukua."

"Tangi lina mafuta?"

"Nitalijaza."

"Na tuzunguke nalo kidogo, unijaribishie lako, nikujaribishie langu?"

Masikio akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Gari lile kulijaribu vizuri ni mpaka kampira karudi mahali pake, na kampira kakirudi mbele ya mwenyewe, nani angetoa gari zima kwa pikapu iliyochubuka? "Maiti hajaribiwi, mama. Nimeshamkagua mimi mwenyewe."

"Sawa. Ila sitaki kesho uje unisumbue. Sema mbele ya huyu bwana: hili gari lina nini?"

"Turbo imekufa," akasema Masikio, kwa sauti ya kuapa.

"Kipara umesikia?"

"Nimesikia mama. Nimehuzunika pia."

Wakabadilishana kadi na funguo. Mama Miche akahamisha miche yake mmoja mmoja, Masikio akimsaidia kwa adabu ya mkwe, pikapu ikateremka kilima ikapotea. Hapo tena Masikio akapiga magoti mbele ya boneti, akakavuta kampira kutoka nyuma ya betri, akakachomeka kwenye shina lake. Tik! Akambusu Kipara kwenye upara.

"Panda, kaka. Leo tunapaa."

Na kweli walipaa. Gari liliruka kutoka uani, miti ikawa inakimbilia nyuma, Kipara anashangilia kama mtoto kwenye pembea. Walifika nusu ya kilima. Kisha mluzi ukaanza, si ule mwembamba wa asubuhi, bali yowe, kama la mtu aliyebanwa kidole na mlango. Nyuma ukatoka moshi wa bluu, mzito, unanuka oili, hadi watu wakakimbia kuanua nguo kwenye kamba. Chuma kikasaga chuma, krrr, gari likasimama. Turbo ilikuwa imekufa kweli.

Kipara, kwa mara ya kwanza maishani, alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini barabarani.

Jua halijazama Masikio alikuwa bondeni, jasho linamtiririka, mbele ya Mama Miche aliyekuwa akipanga vifuko vya miche nyuma ya pikapu ya bluu.

"Mama, umeniuzia mbuzi kwenye gunia!"

"Mimi? Nimekuuzia ulichokisema. Si ulisema turbo imekufa?"

"Nilisema, lakini nilikuwa..." Angesemaje? Nilikuwa nadanganya?

Mama Miche akapangusa mikono. "Kaa nikueleze, maana unaonekana huna mabaya, una tamaa tu. Fundi wa kwanza aliniambia turbo imekwisha, inatoa moshi, haina siku nyingi. Nikamwuliza hakuna namna ya kuutuliza moshi? Akasema ukichomoa hako kampira turbo inalala, moshi unatulia, ila gari halikimbii. Nikakachomoa kwa mkono wangu. Kisha nikaanza kuzunguka gereji."

"Kututega!"

"Mimi simtegi mtu. Fundi wa pili alikarudisha papo hapo, moshi ukatufukuza wote wawili, akanipa pole. Wa tatu vilevile. Wale ni watu wakweli, wakanirudisha na gari langu bovu. Wewe ndiye wa kwanza kukaona ukakaficha."

 

"Mama, nina mke," Masikio akasema, na sauti ikamkatika kweli, bila usanii. "Pikapu yake. Asubuhi mayai yasipofika, tumekwisha."

"Huyo namwonea huruma. Alfajiri nitampitia mwenyewe na kumpeleka. Malipo utalipa wewe: kila jioni uje unimwagilie miche. Ndoo zile pale. Na sasa ni jioni."

Usiku ule yaliyosemwa baina ya Masikio na mkewe mimi siyasemi, nina heshima zangu. Majirani waliyasikia, waulizeni wao.

Alfajiri pikapu ikapiga honi mlangoni. Mke wa Masikio akapakia trei zake, akamkumbatia Mama Miche kama waliozaliwa pamoja, akapanda mbele. Masikio naye akashika mlango.

"Nyuma," mkewe akasema. "Ushike mayai."

Akapanda nyuma, akajikunja katikati ya trei, mikono ameitandaza huku na huku. Pikapu ikashika barabara, ikaanza kuchapa mwendo kilimani, ikaingia shimo la kwanza. Masikio akapaa, akarudi chini, akapiga ukelele.

"Punguza mwendo, mama," mkewe akasema kule mbele. "Nyuma kuna mayai."

"Na mumeo pia yuko, masikini."

"Mayai, mama. Mimi nimesema mayai."