Siri ya Magira ya Mama Kevina

Lenox wa Busia hakuwahi kupika hata chai, lakini aliposikia Tororo inaandaa tamasha la vyakula vya asili, alijua lazima kuna mwenye tamaa mahali fulani. Kabla ya saa sita akampata: Ecweru, mwenye hoteli, aliyetaka kuchaguliwa mpishi mkuu wa tamasha ilhali chakula cha asili hotelini mwake kilikuwa chipsi.

"Mzee, utawashinda kwa magira ya Mama Kevina wa Mulanda," Lenox akamwambia. "Siri yake nitakuletea mimi."

"Na wewe nataka nini?"

"Ile pikipiki yako tu. Mimi si mtu wa makuu."

Magira ni kunde zilizokobolewa, zikapondwa na kupikwa zikalainika; hilo kila mtu analijua. Lakini magira ya Mama Kevina yaliwahi kupatanisha koo mbili zilizogombania shamba. Mashahidi walilamba vidole, wakasahau ushahidi.

Lenox akafika Mulanda na shati jeupe na kalamu sikioni. "Mama, mimi ni karani wa tamasha. Tunaandika kitabu cha mapishi, yasije yakapotea."

Mama Kevina akamtazama kuanzia viatu mpaka kalamu. "Wewe najua kulima?"

"Kulima, mama?"

"Siri ya magira naanza kwa shamba. Mutu kama hajalima kunde, sufuria nakataa yeye."

Siku ya kwanza Lenox alipalilia. Ya pili akachota maji na kupasua kuni. Ya tatu akaezeka choo, maana, alivyoelezwa, kunde haziivi vizuri karibu na choo kisicho na paa. Yote akayaandika. Msomi haachi neno.

Siku ya nne mama akamnong'oneza: "Majivu, vikombe viwili. Halafu zunguka sufuria mara saba na mguu moja. Halafu salimia yeye na heshima, kama mama-mkwe."

Ecweru aliposomewa hayo alitoa ufunguo wa pikipiki papo hapo. Ila siku ya kamati kuonja vyakula, ukumbi wa kanisa ukiwa umejaa, akamsukuma Lenox mbele. "Siri iko kwa mudomo yako. Pika wewe!"

Lenox akamimina majivu. Akarukaruka kwa mguu mmoja, mara saba, akapiga goti mbele ya moto. "Mama, hujambo?"

Sufuria haikujibu. Erisa, mwenyekiti wa kamati, akaonja kijiko kimoja, akafumba macho. Watu wakadhani anasali. Kweli alikuwa anasali.

Chungu alicholeta Mama Kevina kilikwisha kabla sifa hazijaisha, naye akachaguliwa mpishi mkuu. Ecweru akanyoosha mkono. Lenox akamrudishia ufunguo.

Akamfuata mama langoni. "Mama, umenimaliza. Basi niambie siri yenyewe, angalau nife nikiijua."

Mama Kevina akatazama huku na huku, akamvuta karibu. "Siri ni Annet, muke ya mutoto yangu. Tangu aolewe, yeye ndiye napika. Mimi hata chumvi sijui nawekwa saa ngapi."

"Na kamati imekuchagua wewe!"

"Sasa mimi nilisema napika? Watu ndio walisema. Mimi nilinyamaza tu."

Lenox, aliyekuwa akila kwa ulimi wake miaka kumi na miwili, hakuwahi kufikiria kunyamaza. Akamwinamia yule mama mpaka chini, kisha akaanza safari ya Busia kwa miguu, akicheka peke yake.