Kidari cha Kumuagia Signe

Alhamisi, 15 Januari

Signe kaja! Binti yetu wa pekee, na Jumapili asubuhi anaondoka kwenda kuishi Nyuzilandi. Miaka miwili, labda zaidi. Nilimkumbatia mlangoni, nikamuuliza barabara ilikuwaje. Akasema si mbaya. Nikauliza matairi. Akasema hayana neno. Basi, maneno yakaniishia.

Kuna jambo nataka kumwambia kabla hajaondoka: kwamba naona fahari kuwa baba yake, na kwamba nyumba hii itakuwa na ukiwa bila yeye. Ila siwezi kusema hivyo mikono mitupu. Nitasema Jumamosi mezani, nikimkatia nyama niliyopika mwenyewe. Kidari kizima cha ng'ombe, kwenye jiko la bati la kuivishia nyama kwa moshi, uani! Mke wangu Marlys akanikumbusha kwamba nje ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na kwamba tuna oveni. Oveni! Jirani Verlyn alichoma mbavu za nguruwe Krismasi kwenye baridi hiihii, na mpaka leo kanisa zima linazitaja.

Ijumaa, 16 Januari

Nimejaribu kwa kuku. Aibu tupu. Mkaa unawaka, lakini upepo wa ziwani unalifyonza joto lote kwenye bati. Mfuniko uliganda, nikaugonga kwa nyundo, kishikio cha mfuniko kikabaki mkononi. Nikalivisha jiko blanketi la viraka aliloshona mama mkwe, Mungu amrehemu. Likashika moto. Kona moja tu! Marlys akalia kana kwamba limeteketea lote.

Verlyn akachungulia juu ya uzio. "Bwana Orrin, unachoma nyama au unapasha theluji?" Akanishauri kidari nikipeleke kwake, jiko lake liko bandani. Heri nikile kibichi.

Signe alitoka akaja kusimama nami, kavaa koti langu kuukuu. Akaniuliza kama nakumbuka siku niliyomfundisha kuvua samaki kwenye barafu. Nikamwambia asogee, anaziba tundu la hewa. Akasogea. Baadaye akarudi ndani.

Usiku alionja kuku, akatafuna kwa muda mrefu, akasema, "Ni tofauti, Baba." Hapa Minnesota mtu akikwambia chakula chako ni tofauti, afadhali angekitema.

Jumamosi, 17 Januari

Kidari kiliingia motoni alfajiri. Adhuhuri, ndani bado ni baridi. Jioni, ndani bado ni baridi. Wao wakala samaki na viazi. Niliwaona dirishani. Signe alikuwa akicheka, akageuka, akanipungia mkono. Nami nikampungia koleo.

Baadaye akafungua mlango, akaniomba niingie nikae naye tu, nyama si kitu. Nyama si kitu! Nikamwambia bado kidogo, itakuwa tayari kwa kifungua kinywa. Hapo ndipo nitasema.

Kisha nikapata wazo! Feni ya joto ya bafuni, chini ya turubai, ikipuliza jiko. Tatizo ni moja, soketi ya nje ni moja, na imechomekwa gari la Signe, maana kwa baridi hii injini isiyopashwa joto kwa umeme usiku kucha haiamki. Nikachomoa. Kwa muda tu. Joto likapanda papo hapo! Naenda kulala usingizi wa mshindi.

Jumapili, 18 Januari

Sikurudisha ule waya.

Signe alizungusha ufunguo, gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Akaufuata waya kwa macho, kutoka kwenye soketi hadi kwenye jiko langu. Marlys alisema kwa niaba ya wote. Pikapu yetu ndiyo iliyompisha Signe kwenye soketi tangu Alhamisi, kwa hiyo nayo ilikuwa gogo. Ndege iko Minneapolis, mwendo wa saa nne.

Nani akaja, gari lake limelala kwenye banda lenye joto na linanguruma kama si Januari? Verlyn, bila shaka. Akasema nafasi ipo, nipande twende sote. Nikawaambia wasubiri, namkatia Signe kipande cha njiani, nikimpa tu naingia garini. Mfuniko umeganda. Nyundo! Verlyn akapiga honi. Nikapiga nyundo. Akapiga honi tena. Nilipotokea mbele ya nyumba na kipande juu ya uma, taa nyekundu za nyuma ya gari zilikuwa zinakata kona penye sanduku la barua.

Nikakila nimesimama barabarani. Kilikuwa laini ajabu. Sijawahi kupika nyama nzuri namna ile, na sikuisikia ladha.

Verlyn karudi jioni. Walizungumza njia nzima, anasema. Nikamuuliza kama alinitaja. Akavua kofia, akaigeuzageuza. Akasema Signe alimuuliza kama baba yake amemkasirikia kwa kuondoka.

Nilijifungia bafuni, nikalia. Bafuni kulikuwa na baridi, feni bado iko nje.

Jumanne, 20 Januari

Signe kafika salama! Simu ililia nikiwa uani. Marlys akafungua dirisha, akaita kwamba ni Signe, na kwamba anataka kuongea nami, si mtu mwingine. Lakini nilikuwa juu ya ngazi! Najengea jiko ukuta wa matofali ya theluji, kuzuia ule upepo wa ziwani, na imebaki safu moja, na jua linazama. Mambo mazito kama yale hayasemwi kwenye simu, na glavu zimelowa. Nikampigia Marlys kelele amwambie apige kesho. Akija likizo nitampikia vidari viwili, nitamwambia yote kwa utulivu, mezani.

Marlys akaniangalia, simu bado sikioni. Kisha akafunga dirisha.

Ukuta umekaza vizuri sana. Upepo hauingii hata chembe.