Mjusi Ndani ya Koti Siku ya Posa

Nimeaibika leo, ndugu zangu, tena mbele ya wakwe. Nawasimulia mapema kabla shemeji hajawasimulia kwa namna yake.

Mnajua nina mazoea ya kuchunguza mijusi (mke wangu anayaita ugonjwa). Hapa kwetu Uyole kuna aina moja ndogo, ngozi yake laini inang'aa kama imepakwa mafuta, na ubavuni ina mstari mweupe. Muda mrefu nimetaka kujua kama hutaga au huzaa. Kwa baridi hii, yai litapata joto wapi? Asubuhi nikampata jike juu ya jiwe, tumbo limejaa, mzito kwa baridi hata hakukimbia. Nikamtia kwenye mfuko wa koti apate joto, nikaenda kutafuta ndoo.

Ndoo sikuipata. Wageni waliwahi.

Walikuwa wametoka Kalenga, kule Iringa, kumposa binti yangu Tumaini. Taratibu mnazijua: baba wa binti hasemi. Anakaa kimya, anasemewa. Msemaji wetu alikuwa shemeji yangu Ambakisye, mtu anayependa sana sauti yake.

Mshenga wao akaanza vizuri. Sebule ilijaa watu, joto likapanda. Mara nikahisi kitu kinatembea mbavuni. Mfuko ule una tundu (nalijua siku zote, leo nililisahau). Nikajikunyata.

Mshenga akakatiza maneno yake. "Naona baba hajapendezwa."

Ambakisye akakohoa. "Mmeona wenyewe. Hilo la kijana kutokuwa na kiwanja limemchoma."

Halikunichoma. Mjusi alikuwa amefika kwapani. Nikatikisa kichwa kumkanusha shemeji.

"Amekataa kabisa," akasema Ambakisye.

Nyuma ya pazia nikamsikia Tumaini akianza kulia.

Nikasimama, nikavua koti, nikalikung'uta. Ukaanguka mkia peke yake. Ukawa unarukaruka mkekani mbele ya shangazi wa kijana. Shangazi akapanda juu ya kochi na viatu vyake, pochi yake ikabaki mkekani.

"Msiogope, mama," nikasema (na mwiko nikawa nimeuvunja). "Ni mkia tu. Anauacha ili adui autazame huo, yeye akimbie."

"Na yeye yuko wapi?" akauliza mshenga.

Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya kochi.

Waliondoka chakula kikiwa nusu. Walisema watapiga simu. Tumaini akajifungia chumbani. Nikaiweka simu mezani, nikakaa nayo kama mtu anayeuguza. Ilipolia, alikuwa shangazi, yuko stendi ya Makambako.

"Kamwene, mkwe," akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Nimefungua pochi nitoe leso. Kuna mjusi humu, hana mkia. Na vitoto vyake vinatembea juu ya Biblia yangu."

"Kuna maganda ya mayai?" nikauliza. (Ndilo swali lililonitoka.)

Nikamsikia akipekua.

"Hakuna ganda. Mkwe, basi zima limeshuka kwa ajili yako."

"Na Tumaini?"

"Tumaini tunamtaka, yeye ana kosa gani? Ila siku ya harusi utavaa shati tupu. Lisiwe na mfuko."

Basi, harusi ipo. Anayetaka kucheka naomba asubiri kidogo: bado namwelekeza shangazi jinsi ya kuwashusha watoto majanini bila kuwakanyaga.