Uso wa Kwanza Akizinduka

Jumatatu, 6 Mei
Kitindamimba wangu anakatwa mafindofindo Alhamisi! Daktari alimwambia afungue mdomo mara moja tu, akafungua. Mtoto ana akili huyu. Atapewa nusukaputi, na chumba cha kuzindukia anaingia mtu mmoja. Wifi yangu akadakia eti aingie yeye, mtoto kamzoea. Kamzoea! Tumbo lilikuwa la nani?

Jumanne, 7 Mei
Nimemfundisha mwanangu: ukifumbua macho tu, sema "Mama". Kaweza. Kisha kauliza kama shangazi atakuwepo. Nimemnyima jibu na biskuti.

Jumatano, 8 Mei
Nimemwambia wifi operesheni ni saa nane mchana. Ni saa mbili asubuhi. Mungu ananielewa.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemkuta wifi kafika kabla yangu. Mume wangu hana siri kwa dada yake.

Hata hivyo nimeingia mimi. Mwanangu kalazwa ubavu, kidole kimebanwa na kidude cha kupimia hewa. Muuguzi kaniagiza nisimtikise wala kumsemesha. Huenda akazinduka analia, hamjui mtu. Ni dawa tu, itaisha. Nikanyamaza kwa kadiri yangu. Kope zilipocheza nikamwinamia, nikamwambia kwa sauti ya kufika kwamba ni mimi, aseme lile neno. Akapiga mayowe, akaning'ata, nusura ang'oe mpira wa dripu. Muuguzi kanishika kiwiko kwa adabu hadi mlangoni.

Wakamwita wifi. Nilichungulia kwenye kioo. Hakusema kitu, kamwekea mkono kifuani tu. Mtoto katulia, kapumua vizuri. Nilimshukuru Mungu, nikamwonea wifi wivu. Kuzinduka tena, kamwomba shangazi maji.

Ijumaa, 10 Mei
Tuko nyumbani. Muuguzi kasema vitu laini, vilivyopoa. Wifi kaleta uji. Mimi nilikaanga kuku mzima, mtoto kamtazama tu machozi yakamtoka. Uji kamaliza.

Halafu kaninong'oneza kwamba ya jana hakumbuki hata moja. Hata moja! Basi nimemsimulia mwenyewe: ulifumbua macho, ukatabasamu, ukasema "Mama". Kaamini, mwanangu.

Muuguzi alikataza asiongee sana, lakini neno moja halimchoshi mtu. Nimealika ukoo na majirani waje kulisikia kinywani mwake. Wifi naye aje, atakaa nyuma. Ni Jumapili hii, saa kumi alasiri.