Kemia na Kanzu ya Baba Mkwe

Dodoma, Jumatatu, 10 Juni 1912

Sabuni imekubali. Ile ya Pasaka iligoma kuganda, tukaishia kuwapaka mbuzi ili kupe wakimbie. Hii imeganda. Rangi ya tope, harufu ya mbwa aliyenyeshewa, lakini povu lipo. Nilichuja maji ya majivu ya mgunga, nikayapika pamoja na magadi na mafuta ya nyonyo, nikakoroga hadi bega likaniuma. Mambo haya niliyaona Mpwapwa, nilipokuwa naosha chupa za Mjerumani mmoja mtengeneza dawa. Yeye aliyaita kemia. Mke wangu Dorkasi huyaita uchafu wa uani.

Baada ya kazi ya kupima mizigo stesheni nilimpelekea kipande jirani yetu Abbasi, Mrangi wa Kondoa, auzaye sabuni za pwani. Akainusa kwa muda mrefu. Akauliza kwa adabu kama ni ya kuogea au ya kufukuzia fisi. Wivu wa biashara.

Jumanne, 11 Juni

Baba mkwe amefika kwa miguu kutoka Zuzu. Jumamosi mdogo wake Dorkasi, Hana, anaolewa na Bartolomayo, mwalimu wa dini. Mzee Matonya alinisalimu "Mbukwa" huku akiutazama mlango. Ndivyo anisalimuvyo tangu nimwoe binti yake. Mkono hajawahi kunipa. Kwake yeye, mwanamume mwenye chupa nyingi na asiye na ng'ombe hata mmoja ni mgonjwa anayehitaji kuombewa.

Upande wa bwana harusi wameomba mzee avae kanzu nyeupe kanisani. Dorkasi ameishona mwenyewe kwa mkono, na shingo ameidarizi tangu masika. Imeshika vumbi kidogo. Abbasi akaleta mche mzima wa sabuni ya pwani, zawadi, ili ifuliwe vizuri. Dorkasi alimshukuru kupita kiasi. Nikasema nitaifua mimi, yeye ana mapishi ya wageni. Aliniangalia kama mtu anayehesabu ndoo kisimani, kisha akanipa.

Sabuni ya Abbasi nimeiweka juu ya dari. Baba mkwe atang'aa kwa sabuni ya mkwewe.

Jumatano, 12 Juni

Ndoo na beseni havikutosha, na vyungu Dorkasi alishanipiga marufuku kuvigusa. Nikatumia pipa la chuma lililotupwa nyuma ya stesheni. Nikalijaza maji ya majivu makali, nikatia sabuni yangu na kanzu, nikawasha moto, nikaenda kazini nikiwa na furaha.

Niliporudi maji yalikuwa mekundu kama ya mto wa mafuriko. Kanzu ina michirizi ya kutu kifuani na mgongoni. Punda milia ana heshima zaidi.

Dorkasi aliuliza iko wapi. Nikamwambia inapumzika. Akauliza tangu lini nguo zinachoka.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepata wazo. Doa haliondoki, basi nguo nzima iwe doa. Wazee wa Kigogo hupenda rangi nyekundu, tena hujipaka udongo mwekundu kwa sherehe. Nikachemsha maua makavu ya choya hadi maji yakawa kama damu. Nikaitumbukiza kanzu.

Ikawa kijani. Kijani cha nyongo ya ng'ombe. Nilisimama nikiikodolea macho, na Dorkasi akatokea nyuma yangu na kibaba cha mtama.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Aliketi juu ya kinu, akashika ile shingo aliyoidarizi, akasema polepole, "Methusela, baba hajawahi kuvaa kitu nilichomtengenezea mimi. Nilitaka mara hii moja." Kisha akainuka akaenda kupepeta mtama.

Sijawahi kuuchukia uani wangu kama leo. Nilitaka kuzivunja chupa zote. Niliishika ya kwanza, na ndipo nikakumbuka maneno ya Mjerumani: maji ya majivu na vitu vichachu kama ndimu ni maadui, kimoja humshinda mwenzake. Kanzu sikuisuuza! Majivu ndiyo yaliyogeuza rangi.

Nikamkimbilia Abbasi, nikamweleza yote, hata habari za dari. Nilingoja acheke. Akabeba ukwaju gunia zima dukani, akafunga mlango, akaja kukamua pamoja nami, mikono hadi viwiko. Tulipoumimina, kijani kikaanza kukimbia. Ikaja zambarau, kisha nyekundu, nzuri, nzito, na michirizi ya kutu ikamezwa humo. Abbasi akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo. Nimemsamehe habari za fisi.

Alinishauri nijaribu kwanza kwa kitambaa chenye maji, maana rangi ya choya huenda ikatoka. Nikamweleza kwamba muuza sabuni si mtu wa kemia.

Ijumaa, 14 Juni

Dorkasi aliitoa kanzu mwenyewe, akamtandikia baba yake kwenye kitanda cha ngozi. Mimi nilisimama karibu na zizi la mbuzi, tayari kutoroka.

Mzee aliizunguka kama anavyomzunguka fahali anayetaka kumnunua. Akashika pindo. Akanusa. Akauliza ile nyeupe iko wapi. Dorkasi akasema ndiyo hii, Methusela ameigeuza.

Kisha mzee akasema kwamba tangu aambiwe habari za kanzu nyeupe hajalala vizuri, kwa sababu alijiona kama yangeyange anayefuata ng'ombe za watu akiokota kupe. Hii ni nguo ya mwanamume. Akamwuliza binti yake ile shingo ameishona nani. Dorkasi akasema, "Mimi, baba." Mzee akapitisha kidole juu ya darizi, mshono kwa mshono, hadi mwisho.

Dorkasi jioni alinipikia mlenda na nyama. Nyama ilikuwa nyingi.

Jumamosi, 15 Juni

Kanisani mzee aling'aa kuliko bwana harusi. Bartolomayo alipomwona alisahau jibu la kwanza la kiapo.

Halafu ngoma. Mzee Matonya alicheza, akaruka, jasho likamtoka. Jasho likaiyeyusha rangi ya choya. Na mzee huyu, ambaye kwa maisha yake yote hakumkumbatia hata mtoto, leo alikuwa na moyo mwepesi. Kila aliyemgusa alibaki na alama. Hana ana viganja viwili vyekundu mgongoni mwa gauni jeupe. Bartolomayo ana shavu jekundu. Mama mkwe amepakwa bega zima, na wanawake wakapiga vigelegele hadi akajificha. Dorkasi ana kifua chote chekundu, na macho pia, kwa sababu nyingine. Abbasi alipewa mkono mara kadhaa, kanzu yake ya Idi imeiva hadi kiwikoni.

Mwisho mzee alinijia mimi. Hakuutazama mlango. Aliniwekea mkono begani, akauacha hapo, akasema kwa Kigogo kwamba ugonjwa wangu una faida.

Jumatatu, 17 Juni

Mzee amerudi Zuzu akiwa na kanzu yake mwilini, sasa ina rangi ya ulimi wa ndama. Amekataa kuivua.

Wageni wanalalamika madoa hayatoki. Abbasi amejitolea kugawa sabuni ya pwani kwa wote. Nimemzuia. Nimewaambia wote walete nguo hapa uani, hata gauni la Hana, maana kosa la safari iliyopita nimelijua: maji ya majivu hayakuwa makali vya kutosha. Leo nimeongeza magadi mara mbili. Rundo ni kubwa, nimelazimika kuchukua pipa la pili stesheni. Lina kutu kidogo tu.

Shati langu lenye alama ya kiganja begani sikulitia. Nimelikunja nikalificha. Hilo halifuliwi.